Kisasi ni haki au si haki? Nimedhulumiwa Lamu, naomba ushauri

Bint_Langoni:
Asalam alaykum wanajamvi. Naomba ushauri wa haraka, matusi yakae kando. Kuna mtu hapa Amu amenila pesa za mchezo, laki moja na ishirini. Tulikuwa wanawake, majina kumi na mawili, elfu tano kila jina kila mwezi, yeye ndiye mshika pesa. Zamu yangu ilipofika, simu haishikwi. Nilipomfuata mlangoni nikaambiwa "nitakulipa Mungu akijaalia". Wiki ijayo ana harusi, taa zimetundikwa mpaka kibaraza cha jirani. Mimi nina kitu mkononi cha kumuaibisha. Swali moja tu: mtu akikudhulumu nawe ukamlipa, hiyo si haki?

Mzee_wa_Kibaraza:
Suratu Shura, aya ya 40: malipo ya uovu ni uovu mfano wake. Wengi huishia hapo. Aya yaendelea kwamba anayesamehe na kusuluhisha, ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Umeliwa pesa, mwanangu, dai pesa.

Punda_Hana_Breki:
Kupamba ni siku gani? Namuulizia mke wangu, asije akapitwa na shoo 😂

Nahodha_Mstaafu:
Wanaosema kisasi hakiliwazi hawajakijaribu. Kuna jamaa aliniibia nyavu, na nilimjua. Usiku maji yakipwa nikamfungulia mashua yake. Asubuhi iko juu ya fungu la mchanga, imelala ubavu, naye amekaa kando yake ameshika kichwa. Nilikunywa kahawa tamu siku hiyo.

MamaTumu:
Na nyavu ulizipata?

Nahodha_Mstaafu:
Nyavu? La.

Mkomani_Mmoja:
Tusisahau historia. Vita vya Shela, karibu 1812, Walamu waliwapiga watu wa Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa. Badala ya kulala wakaanza kuogopa kwamba Wamazrui watarudi kulipiza, wakamwomba Sayyid Said wa Omani awalinde. Akaleta liwali na askari, ngome ikamalizika mnamo 1821. Walikimbia kisasi cha Mombasa wakajipatia bwana mwingine.

Punda_Hana_Breki:
Mwalimu, dada kaliwa pesa za mchezo, wewe wamletea Omani.

MamaTumu:
Nenda kwa Kadhi, dadangu.

Wakili_Mtoro:
Mama, kwa ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, Kadhi husikiliza ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Deni la mchezo halimo. Kuna sheria ya madai madogo ya 2016, inachukua hadi shilingi milioni moja, na wakili si lazima (najiharibia soko, lakini ndivyo ilivyo). Jumbe zako za M-Pesa ni ushahidi. Sasa dada, hicho "kitu" ni nini?

Bint_Langoni:
Ni picha.

Wakili_Mtoro:
Za nani?

Bint_Langoni:
Za binti yake. Bi harusi mwenyewe, na mwanamume ambaye siye anayemuoa. Si za kutazamwa na watu. Na kabla hamjanirukia: dhahabu atakayovaa imenunuliwa kwa jasho langu, kwa hiyo naye kala.

MamaTumu:
Ulizipataje?

Bint_Langoni:
Huyo binti aliniletea simu nimhamishie majina kwenye simu mpya. Mshika pesa ni mamangu mdogo, tumbo moja na mamangu.

Mzee_wa_Kibaraza:
Subhanallah! Hili ndilo ulilolificha? Mtoto wa mamako mdogo ni ndugu yako. Mama kala, wewe wataka kumchinja mtoto. Suratul An'am 164, mbebaji habebi mzigo wa mwingine.

Wakili_Mtoro:
Na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inakungoja. Kusambaza picha za siri za mtu ni faini hadi laki mbili, au jela hadi miaka miwili, au vyote. Utadai laki na ishirini ukiwa kizimbani.

Bint_Langoni:
Mbona mnanihukumu mimi na mwizi anapigiwa vigelegele? Nimemwomba kwa adabu, nimewatuma wazee, amenicheka.

Mhasibu_wa_Mtaa:
Ngojeni kwanza. Majina kumi na mawili mara elfu tano ni elfu sitini. Hiyo laki na ishirini imetoka wapi? Harusi ipo, picha zipo, mama mdogo yupo. Tunaandikiwa tamthilia ya Ramadhani hapa, watu wanatoa aya na vifungu bure.

Punda_Hana_Breki:
Kama ni tamthilia, mimi nacheza bwana harusi.

Nahodha_Mstaafu:
Nilishuku tangu mwanzo. Mwanamke wa Amu hamtaji mamake mdogo mbele ya watu.

Mkomani_Mmoja:
Wewe umekiri kufungua mashua ya mtu, leo umekuwa mlinzi wa adabu?

Bint_Langoni:
Nilicheza majina mawili. La pili ni la mume wangu. Yuko Saudia, alituma pesa za mabati, nami nikawa nazitia mchezoni. Hajui. Anarudi karibuni. Mmeridhika?

Mhasibu_wa_Mtaa:
Hesabu sasa yaingia. Kwa hiyo nusu ya deni ni la mumeo, na mshika pesa wake ni wewe. Akitua naye alipize?

Bint_Langoni:
Usinifananishe na mwizi! Mimi nilikuwa nazikusanya.

Mhasibu_wa_Mtaa:
Na mamako mdogo atasema vivyo hivyo.

MamaTumu:
Mwacheni apumue. Dadangu, mwambie mumeo wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine. Picha zifute leo. Au kuna mtu umeshampelekea?

Bint_Langoni:
Mmoja tu. Nilitaka anishauri.

MamaTumu:
Nani?

Bint_Langoni:
Somo yake bi harusi.

MamaTumu:
Yallah! Mpigie sasa hivi, kisha uje inboksi uniambie ni somo yupi.