Visoma kadi vya RS-485 havisomani na kontrola mpya, ghala la korosho Mtwara. Naombeni msaada

Msimu_Umefika: Wakuu, habari za muda huu. Nipo Mtwara mjini, nasimamia ulinzi kwenye ghala la korosho. Kuna milango 6 yenye visoma kadi vya zamani vya RS-485 (mawasiliano ya waya mbili, A na B), vyote kwenye mstari mmoja wa waya, cha mwisho kipo mita 210 kutoka chumba cha walinzi. Tumenunua kontrola mpya ya milango inayotumia mtandao. Katikati nimeweka konvata ya RS-485 kwenda mtandao, kasi 9600, mpangilio wa biti 8N1. Taa ya TX (kutuma) inapepesa, ya RX (kupokea) haijawaka hata mara moja. Kontrola inasema kisoma hakipo. Naomba mpangilio sahihi wa konvata. Korosho zinaanza kuingia wiki ijayo na nimeshaahidi kazi itakuwa tayari.

FundiShangani: Anza na rahisi. Badilisha A na B, maana watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi, na ukikosea haiungui kitu. Kisha zima umeme wote, pima ohm kati ya A na B. Rezista za 120 zinatakiwa kuwa mbili tu, moja kila ncha ya mstari, kwa hiyo usome 60 au juu kidogo. Halafu washa, pima volti A kwa B mstari ukiwa kimya. Tupe namba zote mbili.

MizaniLindi: Wenye mizani ya magari nao wasome hapa. Kichwa cha mizani mara nyingi ni RS-232, siyo 485. Ile inategemewa kwa mita 15 tu, na waya tatu zinatosha: 2, 3 na 5 kwenye plagi ya pini 9. Ukiipeleka ofisini mita 60, uzito unakuja na herufi za ajabu. Weka konvata pale pale kwenye mizani, umbali uliobaki uumalize kwa kebo ya mtandao.

Msimu_Umefika: Asante, ingawa mizani siyo shida yangu. Nimebadilisha A na B, hakuna kitu. Ohm ni 44. Volti ni 0.03.

FundiShangani: 44 maana yake rezista ni tatu. Ya tatu imo ndani ya konvata, kuna swichi ndogo pembeni, izime. Lakini hiyo 0.03 ndiyo inaniuma. Mstari ukiwa kimya unatakiwa ushikiliwe juu ya volti 0.2, na kwa kawaida anayeushikilia ni mkuu wa mstari. Panel ya zamani, ile iliyokuwa inaongoza visoma, iko wapi?

Msimu_Umefika: Ilikuwa inazingua.

FundiShangani: Iko wapi?

Msimu_Umefika: Tuliitoa mwezi uliopita, ikaenda na vyuma chakavu. Lakini sioni inahusu nini. Visoma ni vizima, taa zinawaka. RS-485 ni RS-485, na kontrola mpya imeandikwa kabisa kwamba inapokea RS-485. Na konvata nimeshanunua 4, risiti ziko kwa bosi.

Mikindani_Waya: Inahusu sana, ndugu yangu. RS-485 ni waya na volti tu. Lugha inayopita humo ni jambo jingine. Visoma vyako vinaongea lugha ya aliyevitengeneza, na aliyekuwa anaielewa ni ile panel. Kontrola mpya kwenye 485 inasubiri OSDP, lugha ya pamoja ya visoma na kontrola. Konvata inabeba baiti, haizitafsiri. Ndiyo maana RX haiwaki: kisoma cha aina hiyo hakisemi mpaka kiitwe kwa lugha yake. Ubadilishe IP na kasi hadi asubuhi, hakitaitika.

Nyangao_Kwetu: Na huu ndio ubaya wa kutupa kifaa kabla ya kupima mbadala wake. Mfumo mpya unaunganishwa pembeni, mlango mmoja unafanya kazi siku kadhaa, ndipo cha zamani kinazimwa.

Kuchele_Tu: Mnajibu chai. Ghala la korosho lina konvata 4, halina fundi aliyefunga visoma? Na mtu asiyejua panel ni nini anatoa ohm 44 harakaharaka? Weka ushahidi, mleta uzi. Fungua kisoma kimoja utuambie waya zake rangi kwa rangi.

Mikindani_Waya: Namba zake zinakubali, Kuchele. Rezista tatu zingekupa 40 kamili, hizo ohm 4 za juu ni urefu wa waya wenyewe. Anayetunga angeandika 60, maana ndiyo aliyotajiwa.

Msimu_Umefika: Sijatunga. Nimefungua cha mlango namba 2 sasa hivi. Nyekundu na nyeusi zinaenda kwenye umeme, njano na bluu kwenye A na B. Kijani na nyeupe zimekunjwa nyuma, zimefungwa tepu, hazijaunganishwa. Skrubu za teminali zimeota ukungu wa kijani kwa chumvi ya bahari. Kibandiko kinasema 125 kHz, Wiegand 26.

Kuchele_Tu: Sawa, nafuta neno langu. Kijani ni D0, nyeupe ni D1, yaani waya mbili za data za Wiegand, njia ya zamani ya kisoma kutuma namba ya kadi. Hiyo ndiyo njia yako ya kutokea.

Msimu_Umefika: Basi nihamishie kijani na nyeupe kwenye ule mstari wa zamani, kazi iishe?

FundiShangani: Hapana! Wiegand haichangii mstari. Kila kisoma kinataka kebo yake hadi kwenye kontrola, na mwisho wake ni mita 150, kwa hiyo mlango wa 210 umeshatoka. Milango iliyo karibu na chumba cha walinzi vutia kebo mpya yenye kinga ya bati, D0 na D1 usizisokote jozi moja, kila moja iende na waya wa ardhi. Sogeza kadi moja kwenye kisoma uangalie namba: biti 26 ni 8 za kituo na 16 za kadi, na mbili za ukaguzi. Kontrola ikikataa kadi nzima, tazama kama imepangwa kusoma biti 34.

Nyangao_Kwetu: Wiegand inatuma namba ya kadi wazi wazi. Anayefika nyuma ya kisoma anainakili. Milango ya nje ya ghala lenye mali ya wakulima isiachwe hivyo.

Mikindani_Waya: Kweli, na hapo ndipo mstari wa zamani unapofaa. Milango ya mbali nunua visoma vya OSDP, vinapita kwenye waya zile zile za A na B, na washa usimbaji wa AES-128. Hakikisha vinasoma kadi za 125 kHz kama mlizonazo, la sivyo kadi zote za wapagazi zinakufa siku hiyo. Vinaweza kutoka kiwandani vyote na anwani 0, kwa hiyo unganisha kimoja, kipe anwani, ndipo uweke kingine. Soma pia kontrola yako inapokea visoma vingapi kwa porti moja. Umeme pale mwisho umepima?

Msimu_Umefika: Volti 8.6. Chumbani ni 12.1.

Mikindani_Waya: Waya wa mm² 0.2, mita 210 kwenda na kurudi ni ohm 36 hivi. Kisoma kikivuta mA 100, volti 3.6 zinapotelea njiani, kinajizima kadi ikisogezwa. Weka pawasaplai ya 12 kule kule mlangoni, ila hasi yake uiunganishe na hasi ya chumbani, vinginevyo A na B zinakosa pa kuegemea. Teminali zenye kijani kata waya upya, usizikwangue.

Msimu_Umefika: Milango 1 na 2 ipo mita 18. Naanza na hiyo kesho kwa Wiegand, magari yapite. Ile minne naomba visoma vya OSDP kwa bosi leo jioni. Konvata je?

MizaniLindi: Moja nipe kazi ya mizani yenu, kama ina RS-232 angalia kwanza konvata inapokea zote mbili. Tatu rudisha dukani zikiwa bado na maboksi.