Hadithi ya nguva: kwenye filamu sauti inarudi, kwenye kitabu ulimi umekatwa. Nimsomee mtoto ipi?

Mama Nuru, Tanga

Hamjambo wote. Binti yangu ana miaka minane na ile filamu ya nguva ya Disney, ya mwaka 1989, anaijua yote kwa kichwa. Nyimbo anaziimba kwa Kiingereza ambacho mwenyewe hakielewi, na akiingia kuoga lazima kwanza ajifunge khanga miguuni apate mkia. Nikaona nimpe chanzo chenyewe, hadithi aliyoitoa Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837. Nakala niliyonayo ni ya Kiingereza, basi nikawa nasoma huku namgeuzia papo hapo.

Tulianza vizuri. Alimpenda bibi yao, mama wa mfalme wa bahari, kwa vile anavyojipachika chaza kumi na wawili mkiani wakati wakubwa wengine wanaruhusiwa sita tu. Akapenda ile zamu ya kupanda juu ya maji, kila dada akifikisha miaka kumi na mitano. Tukafika kwa mchawi. Kwenye filamu sauti inatoka kooni kama mwanga wa dhahabu, inaingia ndani ya kombe, kombe linaning'inia shingoni kwa mchawi. Kwa Andersen mchawi anamkata ulimi. Nikasoma haraka haraka nipite, Nuru akanishika mkono: "Ulimi unarudi lini?"

Nikamwambia tuendelee. Mwisho nilikuwa naujua. Mwana wa mfalme anaoa mwingine. Dada zake nguva wanampa mchawi nywele zao ili wapate kisu, wanamletea mdogo wao: muue kabla jua halijachomoza, damu yake ikidondokea miguu yako utarudi kuwa nguva. Anakitupa kisu baharini, na yeye anajitupa, anakuwa povu. Halafu mabinti wa hewani wanamchukua, lakini Nuru alikuwa hasikilizi tena. Amenuna. Na hakumnunia Andersen, alininunia mimi. "Umeiharibu."

Sasa naomba kujua mawili. Kwa nini waliibadilisha kiasi hicho, ni kuwafurahisha watoto tu? Na kuna aliyewahi kumsomea mtoto ya kitabu mpaka mwisho? Baba yake anasema nimpeleke akachague mwenyewe gauni la sikukuu, atasahau. Hiyo nimeiweka akiba.

Kaka Mbezi

Pesa tu dada. Nani atamnunulia mwanawe mdoli wa povu?

Fundi Katuni, Nairobi

Mama Nuru, kazi yangu ni kuchora storibodi za katuni za watoto, yaani naipitisha hadithi yote kwenye vijisanduku vya picha kabla mtu mwingine hajagusa chochote. Pesa ipo, Kaka Mbezi hakukosea, lakini nitakujibu kutoka mezani kwangu.

Isome tena ile hadithi ukijiuliza ni kipi kinachoweza kuchorwa. Andersen anakwambia kila hatua anayopiga ni kama kukanyaga visu, na huku anatabasamu na kucheza dansi kuwashinda wote. Haya, nichoree hiyo. Mtazamaji ataona msichana anacheza vizuri, anatabasamu. Basi. Maumivu yenyewe hayaonekani kwa sababu sifa yake ni kuyaficha. Kitabuni sentensi moja imemaliza kazi. Kwenye picha nitahitaji msimulizi azungumze juu yake, na mtoto wa miaka mitano atakuwa ameshaenda jikoni kuchungulia sufuria.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kuanzia katikati mhusika mkuu ni bubu. Watu hudhani yule kaa Sebastian, yule samaki Flounder na yule shakwe wamewekwa wachekeshe tu. Hao ndio ulimi wake. Andersen hana hata mmoja wao, hawahitaji, maana yeye mwenyewe anaingia moyoni mwa nguva anatoka anavyotaka. Filamu haina mlango huo. Na kabla sauti haijaondoka ni lazima aimbe anachokitaka, ili akinyamaza sisi tuwe tumeshajua. Howard Ashman, aliyeandika maneno ya nyimbo huku Alan Menken akitunga muziki, alitoka kwenye tamthilia za nyimbo za New York, na mbinu hiyo aliijua vizuri. Wimbo wenyewe ulinusurika kukatwa. Kwenye onyesho la majaribio watoto walianza kutapatapa vitini, wakubwa wa studio wakaogopa. Ungekatwa tungebaki na msichana bubu tusiyejua anatafuta nini.

Jingine ni muda. Kwa Andersen hakuna tarehe, nguva anaishi kwa mwana wa mfalme, analala kwenye mto wa mahameli mlangoni pake, na siku atakayooa mwingine ndiyo itakayommaliza. Filamu imempa siku tatu, jua likizama siku ya tatu hajabusiwa kwisha habari yake. Una chini ya dakika 90, usipoweka saa inayogonga, filamu inasinzia.

Na mchawi vilevile. Kitabuni anataja bei, anamwambia huo ni upumbavu, anafanya kazi yake, tunaachana naye. Ursula, mchawi wa filamu, hawezi kuondoka hivyo. Akiondoka, dakika arobaini za mwisho tutapigana na nani? Kwa hiyo akapewa shabaha ya kwake, ufalme wa baba mtu.

Mama Nuru, Tanga

Kaka, kwa kaa umenishinda. Nilikuwa namwona mpiga kelele tu.

Lakini ulimi bado hujanijibu. Sauti ingeweza kuondoka bila damu na isirudi tena, na bado ungeichora. Wao wakachagua kombe. Kombe limewekwa pale ili livunjike. Mtoto anaona tangu mwanzo kwamba kitu hakijapotea, kimewekwa mahali. Nuru aliniuliza ulimi unarudi lini kwa sababu filamu imemzoesha hivyo, kila kinachochukuliwa kina mahali kilipowekwa.

Na ukitazama malipo, ndipo hadithi inapogeuka kabisa. Mchawi wa Andersen ni mfanyabiashara mwaminifu kuliko baadhi ya wanaoniuzia samaki: anataja bei, anataja hasara, anatoa mzigo. Hana hila. Nguva alikubali macho makavu, kwa hiyo deni ni la haki na analilipa mwenyewe kwa mwili wake. Ursula ni tapeli. Anaona msichana anakaribia kubusiwa, anajigeuza mrembo, anaitumia ile ile sauti kumroga bwana harusi. Tapeli akidhulumiwa nani atamlilia? Eric, mwana wa mfalme wa filamu, anamchoma kwa ncha ya meli iliyovunjika na sisi tunapiga makofi. Ariel, nguva mwenyewe, anatoka na miguu, sauti, mume, na baba yake yupo harusini. Amelipa nini? Hakuna. Bili yote kaichukua mchawi.

Halafu kuna kitu kimetolewa kimya kimya, wala sijasikia mtu akikitaja. Nguva wa Andersen hamtaki mwanamume tu. Bibi yake amemwambia nguva huishi miaka 300 na kisha huwa povu, hawana roho ya kudumu, binadamu wanayo, na njia ya kuipata ni binadamu ampende mpaka amuoe. Anataka roho. Ukiitoa hiyo, kinachobaki ni msichana wa miaka kumi na sita aliyempenda mtu kwa kumwona mara moja. Mimi hilo ndilo linaloniudhi kuliko harusi.

Mwalimu Mstaafu, Pemba

Mwanangu Mama Nuru, nimekusoma nikafurahi, lakini nitakupinga kidogo.

Unamsema aliyelainisha kana kwamba kabla yake kitu kilikuwa kigumu na safi. Ndugu wawili wa Kijerumani, kina Grimm, walitoa hadithi zao mara ya kwanza mwaka 1812, na humo anayetaka kumuua Snow White ni mama yake mzazi. Toleo la 1819 amekuwa mama wa kambo. Waliona aibu kwa niaba ya akina mama wote. Rapunzel wa 1812, msichana aliyefungiwa mnarani, anamuuliza yule bibi aliyemfungia mbona nguo zinambana, na kila mtu mzima akajua kijana aliyekuwa akipanda ghorofani alifanya nini. Baadaye wakaifuta nguo, wakaweka kwamba bibi ni mzito kumvuta kuliko huyo kijana. Filamu zilikuwa bado hazijazaliwa.

Pia si kila mara filamu imelainisha. Watu hupenda kutaja dada wa Cinderella waliojikata kidole na kisigino ili kiatu kiingie, kisha njiwa wakawatoboa macho. Hiyo ni ya Grimm. Filamu ya 1950 ilifuata ya Mfaransa Perrault, ya 1697, ndiyo yenye boga na kiatu cha kioo, na humo hakuna aliyekatwa kitu, dada wanasamehewa na kuozwa. Walichagua mzee mpole, wala hawakumpunguza makali mzee mkali. Kwa Snow White ya 1937 ndiyo, huko walipunguza. Kitabuni malkia anavishwa viatu vya chuma vya moto harusini na kuchezeshwa mpaka afe, wageni wakitazama. Kwenye filamu anaanguka genge, hakuna aliyemsukuma.

Na huyo Andersen wako, mwisho wake umeusoma vizuri? Mabinti wa hewani wana miaka 300 ya kutenda mema ndipo wapate roho. Wakiingia nyumba yenye mtoto mwema, mwaka mmoja unapunguzwa. Wakimkuta mtukutu wakalia, kila chozi linaongeza siku. Hiyo ni bakora ya mwalimu imefichwa kwenye hadithi, nami bakora naijua. Disney kuiondoa hiyo sikuona ubaya.

Mama Nuru, Tanga

Mwalimu, shikamoo. Hilo la chozi nililiruka, na ningeweza ningeliruka tena. Mtoto amalize kumlilia nguva, halafu aambiwe utundu wake ndio unaomchelewesha mbinguni?

Lakini kina Grimm walipofuta nguo ya Rapunzel waliacha minara na upofu wa kijana. Waliosha uso. Kwa nguva imeoshwa mifupa.

Fundi Katuni, Nairobi

Shikamoo Mwalimu. Mama Nuru, nikubali hoja yako ya kombe kwa upande mmoja: si chombo chetu kinachodai mwisho mwema. Wasovieti walitengeneza katuni ya nguva mwaka 1968, fupi, mwisho wake ni wa Andersen. Studio ya Toei ya Japani ikatoa ndefu mwaka 1975, ya watoto kabisa, ina hadi pomboo mdogo rafiki yake, na bado msichana anatupa kisu na kuwa povu. Watoto wa Japani waliitazama. Kwa hiyo ile saa na wale wanyama wasemao ni mahitaji ya ufundi. Sauti kurudi ni uamuzi wa watu waliokaa mezani.

Kuna pia Ponyo ya Hayao Miyazaki, 2008. Samaki mdogo anataka kuwa msichana kwa kumpenda mvulana, na kama mapenzi ya yule mvulana si ya kweli atageuka povu. Hageuki. Lakini kuna mama yake wa baharini anayemuuliza mvulana wazi kama anamkubali hata akiwa samaki, na mvulana ana miaka mitano, anajibu bila kujua uzito wake. Mwisho mwema, na bado mtu mzima unakaa kwenye kiti ukihofu. Mwonyeshe Nuru hiyo kwanza, halafu ya Toei akishakua kidogo. Andersen ataingia mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Pemba

Kijana, nawe nikuulize, maana wewe ni fundi. Hadithi ya Sultani Darai unaijua? Aliiandika Askofu Edward Steere kutoka kwa watu wa Unguja, ikachapwa London mwaka 1870. Maskini anachakura jaani apate punje za mtama, anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani kama zawadi ya bwana wake, anamwombea binti, anaua nyoka wa vichwa saba, anampatia bwana wake jumba. Kisha paa anaugua. Bwana anasema mpikieni uji wa mtama, huyu nilimnunua thumuni tu. Paa anafa, anatupwa kisimani. Na bwana anaamka yuko jaani, anachakura.

Nilifundisha miaka mingi, darasa halijawahi kucheka pale kwenye uji. Utaichoraje?

Kaka Mbezi

Paa hafi. Mdoli wa paa unauzika.

Fundi Katuni, Nairobi

Mwalimu, kwa kuchora ni tamu ajabu, nusu nzima ya kwanza inajichora. Paa msemaji tayari yupo, sihitaji kaa. Nyoka yupo. Uji ningeuchora bakuli tu, na mkono wa bibi kizee aliyetumwa kuupika, unaolishika asijue aliweke wapi.

Nikisema ukweli, nikiipeleka kwa wenye fedha watasema hivi: bwana ajute, alie juu ya kisima, chozi lidondoke, paa apige chafya. Nimeshakaa kwenye vikao vya namna hiyo, naweza kukuandikia hata dakika ya ile chafya.

Mwalimu Mstaafu, Pemba

Haya, kapiga chafya, kafufuka. Sasa huyo bwana tutamrudisha jaani kwa kosa gani?

Fundi Katuni, Nairobi

Hatarudi. Atabaki jumbani na paa wake. Ndiyo kusema mzigo wote wa ubaya nitautafutia mtu mwingine, waziri fulani mwenye ndevu aliyemtilia bwana maneno sikioni, na yeye ndiye atakayeangukia kisimani. Mama Nuru, najua unachotaka kusema.

Mama Nuru, Tanga

Sisemi. Nataka tu kujua huyo waziri ataimba wimbo gani.