Kitabu cha "historia" ya roki na pop kimenitoa roho: hata waliokufa wameshindwa kuwahesabu!

Wakuu, mnisamehe nikianza bila salamu. Nimekifunga sasa hivi na hasira bado iko kooni.

Nimenunua kitabu kinene, jalada gumu, karatasi za kung'aa, kinachojinadi kuwa kimekusanya matukio makubwa yote ya muziki wa roki na pop. Mchapishaji simtaji. Picha ni nzuri, hilo sibishi. Shida ni maneno yaliyo chini ya picha. Hadithi za kijiweni zimevalishwa suti zikaitwa historia.

Ukurasa wa kwanza niliofungua ni ajali ya 3 Februari 1959, karibu na Clear Lake, Iowa, iliyowaua wanamuziki wa roki Buddy Holly, Ritchie Valens na yule mtangazaji aliyejiita The Big Bopper. Eti ndege yao iliitwa American Pie, na Don McLean akachukua jina hilo kwa wimbo wake wa 1971. Uongo mtupu! Ilikuwa Beechcraft Bonanza ya kukodi, isiyo na jina lolote zaidi ya namba ya usajili, N3794N. McLean mwenyewe alishalikana hilo. Halafu sentensi inayofuata: "watu watatu walipoteza maisha." Wanne jamani! Rubani, Roger Peterson, kijana wa miaka 21, alikuwa humo humo. Kwa vile hakushika gitaa basi hahesabiki?

Nikajipa moyo, labda wameteleza mara moja. Nikafika Altamont.

Hapa ndipo nilipokitupa kitabu kitandani. 6 Desemba 1969, California, tamasha la bure la Rolling Stones kwenye uwanja wa mbio za magari. Ulinzi wa jukwaa wakakabidhiwa Hells Angels, genge la waendesha pikipiki. Jukwaa lenyewe lilikuwa fupi, halifiki hata kifuani pa mtu, na watu wamebanana mpaka mbele. Meredith Hunter, miaka 18, akachomwa kisu mbele ya jukwaa hilo. Kitabu kinasema aliuawa wakati bendi inapiga Sympathy for the Devil, kisha kinajaza nusu ukurasa na falsafa za shetani kuitwa akaitika. Wimbo uliokuwa ukipigwa ni Under My Thumb! Ule wa shetani ulipigwa mapema zaidi, vurugu zikazuka, bendi ikasimama, ikauanza upya. Taarifa za mwanzo zilichanganya mambo hayo mawili, sawa, lakini kamera za filamu zilikuwapo pale pale na mauaji yamo kwenye picha. Miaka yote hii bado mtu anaandika la shetani kwa sababu linanoga! Hata hawajasema kwamba Hunter alionekana na bastola mkononi, wala kwamba aliyemchoma alishtakiwa na mwaka 1971 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia kwa kuwa alijitetea. Hayo ndiyo mambo mazito ya kujadili. Wao wameona bora shetani.

Bob Dylan nitampitia haraka maana nitapasuka. Kelele ya "Yuda!", ile ya shabiki aliyemwona msaliti kwa kuacha gitaa la kawaida, wameiweka kwenye tamasha la Newport, Marekani, Julai 1965, siku alipopanda na gitaa la umeme. Ile ilipigwa Manchester, Uingereza, ukumbi wa Free Trade Hall, 17 Mei 1966. Wangekosea wakasema Royal Albert Hall ya London ningewaelewa kidogo, kwa sababu nakala za magendo za onyesho lile zilizunguka miaka mingi zikiwa na jina hilo. Lakini Newport? Nchi nyingine, mwaka mwingine!

Na mpiga gitaa Jimi Hendrix, kwenye tamasha la Woodstock, eti alipiga wimbo wa taifa la Marekani mbele ya nusu milioni ya watu. Alipanda Jumatatu asubuhi, 18 Agosti 1969, tamasha limeshapitiliza ratiba, umati mkubwa umeshaondoka na shamba limebaki tope na takataka. Kwangu mimi hilo ndilo linalolifanya tukio lile liwe la ajabu, ule upweke wa asubuhi. Wameliua.

Sasa njooni kwenye kilichoniuma kuliko yote. Nimetafuta jina la Sister Rosetta Tharpe kwenye faharasa. Hamna. Nikadhani wameandika kwa R, nikatafuta tena. Hamna! Mwanamke mweusi wa Arkansas, mwimbaji wa injili, aliyekuwa akilichapa gitaa la umeme kabla dunia haijamsikia Elvis. Wimbo wake Strange Things Happening Every Day ulirekodiwa 1944, Chuck Berry hajatoa hata santuri moja. Mei 1964 alipiga Manchester kwenye stesheni ya reli iliyoachwa, watazamaji wamekaa jukwaa la upande mmoja, yeye yuko upande wa pili na reli katikati. Mvua ilikuwa imenyesha, akafungua na Didn't It Rain akiwa ndani ya koti. Televisheni ilirekodi, ipo, mtu yeyote anaweza kuiona leo. Alifariki 1973, kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe. Ukumbi wa Heshima wa Roki ulianza kuingiza wasanii 1986, yeye wakamkumbuka 2018. Na hawa wa kitabu changu bado hawajamkumbuka.

Mwimbaji Big Mama Thornton naye kapewa nusu mstari, kama "aliyewahi kuimba" Hound Dog. Aliyewahi? Watunzi Leiber na Stoller walimwandikia yeye, akaurekodi 1952, na 1953 ukakaa kileleni mwa chati ya R&B (rhythm and blues, muziki wa Wamarekani weusi) wiki saba. Elvis alikuja nao 1956. Simlaumu Elvis, nalaumu huo mpangilio wa maneno.

Moonwalk, ule mtindo wa kucheza kwa kuteleza kinyumenyume, nayo "ilizaliwa" 1983 na Michael Jackson. Mcheza dansi Bill Bailey alikwishateleza hivyo jukwaani mbele ya kamera miaka ya 1950, na Jeffrey Daniel wa kundi la Shalamar aliionyesha kwenye televisheni ya Uingereza 1982.

Niliwaandikia. Kwa adabu kabisa, na kurasa nimezitaja moja moja. Jibu likaja la mistari miwili: historia ya muziki ina simulizi nyingi, na kitabu kilichofunguliwa hakirudishwi. Simulizi nyingi! Idadi ya maiti nayo ni simulizi?

NYONGEZA: Mkuu uliyeniuliza kuhusu Queen, ndiyo, nao wamo. Wameandika kwamba bendi ilikuwa imevunjika ikaungana tena kwa ajili ya Live Aid, lile tamasha la hisani la 13 Julai 1985. Hapo hawakusoma popote, wametazama ile filamu ya 2018, Bohemian Rhapsody. Queen walipiga tamasha la Rock in Rio, Brazil, Januari 1985 na ziara yao ikaishia Japani mwezi Mei, miezi miwili tu kabla ya kupanda Live Aid pale Wembley, London. Zile dakika ishirini na ushei zilikuwa kali kwa sababu walikuwa wametoka barabarani, vidole bado vya moto, na walifanya mazoezi ya orodha ile mpaka ikakaa.

NYONGEZA 2: Anayesema "ni burudani tu, punguza munkari", mkuu, ningetaka burudani ningenunua katuni.

Nasikia toleo jipya limeshatoka. Aliyenalo afungue ukurasa wa ajali ya Clear Lake aniambie wamefika wanne au bado ni watatu.