Nimwone Nairobi, au nimsubiri Zanzibar?

Jirani wa Njiro:
Wadau, salaam. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Kisumu, na ninafanya kazi hapa Arusha kwa kibali cha ukaazi. Yupo mwanamuziki wa kwetu ambaye nyimbo zake nimezisikiliza tangu nikiwa sekondari, lakini sijawahi kumwona jukwaani. Jina lake sitalitaja, maana mjadala utageuka kuwa wa nani anamzidi nani. Ametangaza onyesho la Nairobi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na zipo tetesi kwamba Februari atakuwa Zanzibar katika tamasha la Sauti za Busara. Mfuko wangu unaruhusu safari moja tu. Kwa mliowahi kuwafuata wanamuziki wenu mkiwa mbali na kwenu, ni wapi mtu humfaidi msanii zaidi: mbele ya watu wake, au ugenini?

Mama wa Sakina:
Karibu, jirani. Kwa upande wa safari, Nairobi ndiyo nyepesi. Kutoka hapa hadi Namanga ni kama kilometa 110, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Desemba 2018, taratibu za nchi zote mbili humalizwa sehemu moja. Usitegemee kitambulisho chako cha taifa peke yake, kwa sababu kitakuingiza kwenu lakini kurudi huku utahitaji pasipoti na kibali chako, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho usikiache nyumbani.

Kinachochosha ni muda. Onyesho likitangazwa kuanza saa kumi na mbili jioni, mwenye jina kubwa huenda akapanda saa sita au saa saba za usiku, baada ya wasanii chipukizi na maneno mengi ya mshereheshaji. Kwa hiyo gharama ya malazi iingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Uliza mapema pia kama atakuja na bendi au ataimba kwa plebeki. Niliwahi kusafiri mbali na kulipa kiingilio cha maana, nikamkuta msanii amewanyooshea watazamaji kipaza sauti ilhali sauti yake inaendelea kutoka kwenye spika.

Mzee wa Kiboriloni:
Wanangu, nami niseme kidogo kutoka huku Moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwanafunzi Uingereza, wakati mwanamuziki Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila walipokuja huko kwa mwaliko wa tamasha la muziki la WOMAD. Dar es Salaam nilizoea kumsikiliza kumbini, ambako bendi hukesha na wimbo mmoja huvutwa kadiri wachezaji wanavyotaka. Kule alipangiwa muda wa kuhesabika, na wenyeji walirukaruka kwa furaha katika nyimbo zilizohusu umaskini na kifo. Sisi Watanzania wachache tulisogea hadi mbele kabisa tukawa tunaitikia, naye alipotutambua akawa anatugeukia kila alipofika penye fumbo. Sijapata kumsikia vizuri kama siku ile, ingawa palikuwa ugenini kwake na kwangu.

Tena Remmy huyo alikuwa mgeni hata Dar es Salaam. Alizaliwa Kindu, Kongo, akaja mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na hivi leo kipo kituo cha daladala Sinza kinachoitwa Kwa Remmy. Nani basi walikuwa watu wake? Kwa hiyo, Jirani, tueleze huyo wako anaimba kwa lugha gani. Ikiwa ni Kiswahili, Zanzibar hatakuwa ugenini hata kidogo. Ikiwa ni Kijaluo, nenda Nairobi, kwa kuwa huko ndiko utakakopata umati wa kuitikia pamoja nawe.

Binti Ngaramtoni:
Shikamoo, mzee. Kuhusu Zanzibar, hofu ya plebeki aliyoitaja mama haipo, kwani msimamo wa Sauti za Busara tangu lianze mwaka 2004 ni muziki wa kupigwa papo hapo. Jukwaa kuu huwa ndani ya Ngome Kongwe, ua usio mkubwa sana, ambamo hata aliyesimama nyuma hujiona yumo. Ila bendi ni nyingi kwa usiku mmoja, hivyo atapewa muda mfupi kama ule aliousimulia mzee. Kwa basi utamaliza siku nzima hadi Dar es Salaam, kisha boti kama saa mbili, na Februari vyumba vya Mji Mkongwe hujaa mapema. Isitoshe, tetesi hazikatiwi tiketi. Subiri waandaaji watangaze majina.

Jirani wa Njiro:
Shikamoo, mzee, na ahsanteni nyote. Huimba Kijaluo karibu nyimbo zote, na baadhi yake husindikizwa na nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Hapa Arusha huzisikiliza peke yangu chumbani, na nadhani hilo la kuitikia ndilo nililokuwa nikilitafuta bila kulitaja. Nitakwenda Nairobi. Nimekwisha kuwaandikia waandaaji kuuliza kuhusu bendi. Mama wa Sakina, magari ya kurudi Jumapili yapo?

Mama wa Sakina:
Yapo, ya asubuhi na ya mchana. Kata la mchana, upate kulala kwanza.