Naomba ushauri: tundu la chaja la laptop linacheza, lilehemiwe upya au libadilishwe?

Wakuu, habari za majukumu. Laptop yangu inakubali chaji pale tu ninapoukunja waya wa chaja upande mmoja na kuushikilia. Nikiachia, taa inazima. Chaja yenyewe ni nzima: imeandikwa volti 19.5 na nikiipima kwa mita inatoa karibu hivyo hivyo, tena mashine ya jirani inachaji nayo vizuri tu.

Kipini cha katikati ya tundu kinacheza, na pembeni yake panapata moto. Huo moto ndio unanitisha. Mguso ukiwa hafifu ukinzani unaongezeka, na kwa chaja ya wati 65 plastiki inaweza kuyeyuka.

Nimefungua mfuniko wa chini, nimekuta tundu limelehemiwa moja kwa moja kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine), si lile la kuchomeka kwa waya (ningekuwa nimeshamaliza). Fundi mmoja anasema ataongeza risasi ya kulehemia tu. Mwingine anataka nibadilishe mazabodi nzima, kwa bei ya kukaribia mashine ya mtumba. Huyo nimemweka kando.

Wenye uzoefu: kipini kikishalegea, kuongeza risasi kunasaidia kweli? Mimi naona libadilishwe, ila nahofia njia za shaba kubanduka wakati wa kulitoa, maana bodi hizi zinafyonza joto sana. Pia, kwa Kariakoo tundu lenyewe linapatikana kwa shilingi ngapi, na ufundi je?