Unaanza kazi mjini, mtaa wa kuishi unauchaguaje?

Mgeni wa Jiji:
Habari zenu wadau, naombeni ushauri maana mwezi unaisha na bado sijaamua. Nimepata kazi yangu ya kwanza, ofisi iko katikati ya jiji, na huku sina ndugu wa kukaa kwake muda mrefu. Nimebakiwa na sehemu mbili. Kuna chumba kimoja karibu na ofisi, natembea dakika 15 nimefika, ila kodi inakula karibu nusu ya mshahara. Halafu kuna vyumba viwili huko pembezoni, kodi nusu ya ile, mtaa umetulia kabisa, na dalali anasema mpaka mjini ni dakika 40 tu. Nyie mlianzaje, na mlijutia nini?

Mzee wa Foleni:
Mdogo wangu hizo dakika 40 usiziamini mpaka uzipande mwenyewe. Mi nilipelekwa kuona nyumba Jumamosi saa nne asubuhi, barabara nyeupe, nikalipa siku ileile. Jumatatu natoka saa kumi na mbili na robo nafika ofisini saa mbili kasorobo, shati limeloa mgongo mzima na kazi hata sijaanza. Sasa piga hesabu, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, kwa siku 240 za kazi ni saa 720, yaani siku 30 kamili usiku na mchana, mwezi mzima wa maisha yako kila mwaka uko kwenye gari. Na nauli ya mwezi ijumlishe kwenye kodi kwanza ndo ulinganishe, utashangaa ile tofauti inavyopungua.

Penseli:
Namuunga mkono mkuu hapo juu ila nusu ya mshahara hapana, utaumia. Ile kanuni ya kodi isizidi asilimia 30 ya kipato ilienea kutokana na sheria za nyumba za umma kule Marekani, mwaka 1969 waliweka kikomo cha asilimia 25, 1981 wakapandisha hadi 30. Sio msahafu, lakini mshahara wa kwanza una midomo mingi, godoro, jiko, nguo za kazini, na nyumbani nao wanakuangalia. Tafuta mtu wa kuchangia naye karibu na kazini, hata mwaka mmoja tu.

Dada wa Ghorofa ya Pili:
Mtaa uende usiku mdogo wangu, peke yako, bila dalali. Shuka kituoni saa moja na nusu utembee mpaka getini. Mi nilikuwa nimeshaipenda nyumba moja nzuri sana, nikaenda usiku, baada ya nguzo ya tatu taa hakuna, ukuta mrefu huku na huku, hamna mlango wala duka, nikajikuta natembea nimekumbatia mkoba. Nikageuza. Nikachukua chumba kidogo mtaa wa pili wenye kelele, lakini fundi cherehani anashona mpaka saa nne na watu wamekaa barazani, ukichelewa kuna jicho linakuona, na hilo kwangu nalihesabu kabla ya ukubwa wa chumba. Kingine angalia kuta, ukiona rangi mpya imepakwa kutoka chini mpaka magotini tu, ujue hapo maji huingia mvua zikinyesha. Na habari ya maji ya bomba muulize mpangaji mwenzako, sio mwenye nyumba.

Mgeni wa Jiji:
Asanteni sana, na dada Mungu akubariki. Jana nimefanya ulivyosema, kule pembezoni nimetumia saa moja na dakika 20 kutoka ofisini, na kutoka kituoni nimetembea robo saa gizani, kwa hiyo ile nimeachana nayo. Leo mchana kuna jamaa wa ofisini ameniambia mwenzake anahama, wana vyumba viwili, gari moja tu mpaka kazini, kodi tukigawana iko chini ya theluthi ya mshahara. Kesho jioni nikitoka kazini naenda kuiona, na kuta nitaziangalia mpaka magotini.