Malta, Krete au Cyprus: siku nane na watoto wawili, mwishoni mwa Septemba

Pwani_Kusini
Wakuu, tunatoka Dar, watu wazima wawili na watoto wa miaka 5 na 9. Tunataka bahari inayofaa watoto na mambo ya kale kidogo, bila kushinda barabarani. Kisiwa kimoja tu. Kipi, na je, gari la kukodi ni lazima?

Nahodha_Mstaafu
Bila gari, Malta. Urefu wake ni kilomita 27 hivi na mabasi yanafika karibu kila mji. Ila angalia pa kulala. Hoteli nyingi ziko Sliema na St Julian's, na kule ufukwe ni mwamba mtupu, watu wanashuka majini kwa ngazi za chuma. Wa miaka 5 hapawezi. Mchanga uko kaskazini: Għadira, pale Mellieħa, unatembea mbali kabisa na maji bado hayajafika kiunoni. Laleni huko, Valletta, mji mkuu, mwende kwa basi namba 41 au 42. Tengeni zaidi ya saa moja, foleni ya asubuhi ni kali.

Gozo, kisiwa kidogo cha jirani, ni feri ya dakika 25 hivi kutoka Ċirkewwa. Nauli hulipwa wakati wa kurudi, pale Mġarr, bandari ya Gozo.

Jambo linalowakwamisha wazazi ni Hypogeum, makaburi ya kale ya chini ya ardhi. Wanaingia watu 10 tu kwa zamu, tiketi huisha wiki nyingi kabla, na mtoto chini ya miaka 6 haruhusiwi. Badala yake nendeni Ħaġar Qim na Mnajdra, mahekalu ya mawe yaliyo juu ya bahari. Mapema asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Mama Salha
Kwa fukwe na chakula, Krete inaishinda Malta, hilo nalisema wazi. Shida ni ukubwa: kilomita 260 toka mashariki hadi magharibi. Watu wanatua Heraklion huku hoteli iko Chania, wanaanza likizo kwa saa mbili na nusu za gari. Chagueni upande mmoja na uwanja wake.

Na gari huko ni karibu lazima, tena linaendeshwa kulia. Beba leseni ya kimataifa. Amana hukatwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe; kadi ya kawaida ya benki (debit) mara nyingi hukataliwa. Ile "bima kamili" soma tena: matairi, vioo na chini ya gari kwa kawaida havimo. Ndiyo maana barabara ya mawe ya kwenda ufukwe wa Balos inawaumiza watu. Pandeni boti kutoka Kissamos. Korongo la Samaria, kilomita 16 za kushuka, acheni: ukifika Agia Roumeli, kijiji cha mwisho, hakuna barabara, unatoka kwa boti tu.

Karani_wa_Safari
Mmeruka viza. Malta na Krete (Ugiriki) zimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja: euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa wa miaka 9, wa miaka 5 bure. Jumla 225, mbali na ada ya kituo cha maombi. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Msingoje siku 15 za mwisho, uamuzi unaweza kuchukua hadi 45.

Cyprus imo Umoja wa Ulaya tangu 2004, lakini hadi 2025 ilikuwa nje ya Schengen, kwa hiyo hakikisheni utaratibu wa viza kabla ya kukata tiketi. Mkienda, msiingilie uwanja wa Ercan wa kaskazini, serikali ya Jamhuri ya Cyprus haiutambui.

Bint Maulidi
Mkiamua kukodi gari, Cyprus ndiyo rahisi kwa dereva wa kwetu: upande wa kushoto, na soketi pini tatu. Fig Tree Bay, Protaras, maji yametulia. Karibu na Larnaca kuna Hala Sultan Tekke, kwenye kaburi la Umm Haram, sahaba wa Mtume Muhammad. Ni msikiti, kwa hiyo mavazi ya heshima. Ziwa la chumvi la pale Septemba huwa kavu, heroe huja majira ya baridi.

Pwani_Kusini
Asanteni sana. Mellieħa basi. Bahari itakuwaje?

Nahodha_Mstaafu
Maji nyuzi 25 hivi, mvua za radi huanza kujitokeza. Upepo ukitoka kaskazini-magharibi, msiende fukwe za magharibi, Golden Bay wala Għajn Tuffieħa, maji huvuta watu ndani, Għadira hutulia. Ukitoka kaskazini-mashariki, geuzeni. Bendera nyekundu ikipandishwa, mtoto asiguse maji hata kifundoni.